Mfadhili Bora ni Yule Anayeacha Maarifa

Neno "mfadhili" limezoeleka mno masikioni mwetu hata hatulitafakari tena. Litajwapo, wengi huona mbele ya macho yao gari jeupe lenye nembo ubavuni, magunia ya unga yakishushwa, na umati uliopanga foleni ukingoja majina yasomwe. Sisemi kwamba picha hiyo ni ya uongo, wala kwamba unga huo haukuwafaa walioula. Mwenye njaa hulishwa kwanza, maswali yakafuata baadaye. Ninalouliza ni jambo jingine: gari lile likishaondoka na vumbi likatulia, kijiji hubaki na nini ambacho hakikuwa nacho kabla halijafika?

Swali hili linatuhusu sisi sote, na hasa walimu na wanafunzi, kwa kuwa ndani yake mna swali jingine lililojificha: nani anastahili kupewa maarifa, na nani anastahili kupewa msaada tu? Katika kulijibu, ningependa tusafiri kwa fikira hadi mashambani mwa India. Huko wako watu ambao kwa zaidi ya miaka 50 wamelijibu swali hili kwa vitendo, na majibu yao yamepimwa kwa kipimo kisichojua kubembeleza, yaani hesabu ya watoto wanaozaliwa na hesabu ya watoto wanaozikwa.

Jamkhed ni mji mdogo katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, kwenye wilaya iliyojulikana kwa miaka mingi kama Ahmednagar. Ni nchi kavu, yenye mvua za kubahatisha na wakulima wa mtama. Mwaka wa 1970 walifika huko madaktari wawili, mke na mume, Mabelle na Rajanikant Arole. Walikuwa wamesomea udaktari katika chuo cha Christian Medical College mjini Vellore, na walipooana mwaka wa 1960 waliweka nadhiri kwamba maisha yao watayatumia kuwahudumia maskini wa mashambani. Walianza kwa kufanya kazi katika hospitali ya misheni. Huko wakang'amua jambo lililowanyima raha: sehemu kubwa ya maradhi waliyokuwa wakiyatibu yangaliweza kuzuiwa kabla hayajaanza. Mtoto aliyeharishwa na maji machafu aliletwa, akatibiwa, akapona, kisha akarudi nyumbani kuyanywa maji yaleyale. Daktari alikuwa kama mtu anayefuta maji sakafuni ilhali bomba limeachwa wazi.

Ndipo wakaenda Marekani kusomea afya ya umma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakarejea na mpango ambao haukuanzia hospitalini bali kijijini. Hali waliyoikuta ilikuwa ya kusikitisha. Kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai katika vijiji vile, 176 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Akina mama waja wazito waliopata huduma yoyote ya kitaalamu kabla ya kujifungua hawakufika hata asilimia 1. Kati ya kila watoto 10 wadogo, wapatao 4 walikuwa na utapiamlo. Kifua kikuu na ukoma vilikuwa vimepiga kambi, na mwenye ukoma alifukuzwa kama mhalifu.

Yamkini wewe na mimi tungalianza kwa kujenga zahanati, kuipaka rangi na kumwalika waziri aje aifungue. Akina Arole walianza kwa kuuliza. Wanavijiji, kwa mshangao wa wengi, hawakutaja dawa. Walitaja chakula na maji. Mwaka wa 1972 Maharashtra ilikuwa imekumbwa na ukame mkali, visima vimekauka na mifugo inakufa. Basi mradi wa afya ukaanza kwa kuchimba visima na kuwalisha watoto. Wataalamu waliozoea kugawa maisha ya binadamu katika wizara na idara huenda wangaliuliza: daktari ana kazi gani na kisima? Jibu ni kwamba mtoto hajui tofauti ya wizara ya maji na wizara ya afya. Anachojua ni kuwa maji aliyokunywa yanamuua.

Katika kuchimba visima hivyo kulizuka suala ambalo msomaji wa Kenya anafaa kulielewa vyema. Jamii ya Kihindi imegawanyika tangu kale katika matabaka ambayo mtu huzaliwa ndani yake na kufia ndani yake. Wa chini kabisa ni Wadalit, waliokuwa wakiitwa "wasioguswa". Katiba ya India ya mwaka wa 1950 iliiharamisha desturi hiyo, lakini karatasi ni kitu kimoja na kisima cha kijijini ni kitu kingine. Mdalit hakuruhusiwa kuteka maji pale walipoteka wakubwa, kwa madai kwamba angeyatia najisi. Akina Arole hawakuhubiri sana. Walihakikisha tu kwamba pampu nyingi za mkono zinawekwa katika mitaa ya Wadalit. Mke wa tajiri aliyetaka maji safi hakuwa na budi kuchukua mtungi wake na kwenda kuteka huko alikokuwa akikwepa kukanyaga. Mwanzoni ilikuwa vigumu, lakini kiu haina tabaka, na polepole miguu ikaizoea njia.

Likaja suala la wahudumu. Mpango wa kwanza ulikuwa kuwapeleka vijijini wauguzi wasaidizi waliosomea kazi hiyo. Mpango ukakwama. Wasichana wale waliogopa kukaa peke yao ugenini, na wanavijiji nao hawakuwa na imani na mgeni kijana anayewaamuru wachemshe maji. Hapo ndipo lilipochipuka wazo lililoupa mradi wa Jamkhed jina duniani: kila kijiji kimteue mwanamke wake mwenyewe, awe ni mkazi wa hapo, anayejulikana na kuaminika, naye afundishwe kuwa mhudumu wa afya. Walioteuliwa wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Wengi walikuwa Wadalit. Baadhi yao waliolewa wakiwa watoto, wakaachwa au wakafiwa na waume zao. Walikuwa, kwa maneno mengine, watu ambao jamii ilikuwa imekwisha kuwahukumu kuwa hawana akili ya kufundishika.

Hapa ningewaomba walimu watege sikio. Wanawake wale walifundishwa vipi? Walikuja Jamkhed kila wiki, wakakaa pamoja, wakala chakula kimoja na kulala katika ukumbi mmoja, Mdalit kando ya mwanamke wa tabaka la juu. Hilo pekee lilikuwa somo zito kuliko yote. Waliporudi wiki iliyofuata, kila mmoja alieleza aliyokutana nayo kijijini mwake: nani mjamzito, nani amehara, nani anakohoa damu, nini kimeshindikana. Masomo yalitokana na masimulizi hayo. Hawakumezeshwa majina ya vijidudu ili wayatapike siku ya mtihani. Walijifunza jambo, wakalitenda, wakarudi kulizungumza, wakalitenda tena kwa njia bora zaidi. Mafunzo hayakuwa na siku ya mwisho wala cheti cha kutundika ukutani, na pengine ndiyo sababu hayakusahaulika.

Matunda yake yalionekana katika mambo madogo yenye uzito mkubwa. Ilikuwapo imani kwamba mama mja mzito akila sana mtoto atakuwa mkubwa, naye atapata taabu wakati wa kujifungua. Kwa hiyo akinyimwa chakula anasaidiwa. Daktari kutoka mjini angaliweza kuikemea imani hiyo kutwa kucha bila kusikilizwa. Lakini mhudumu ambaye naye alizaa watoto katika kijiji kilekile, aliyewazika wengine na kuwaona wa jirani wakizikwa, alikuwa na haki ya kulizungumza jambo hilo jikoni, akiwa ameketi sakafuni na mama mkwe. Alionyesha jinsi ya kuchanganya maji safi, sukari na chumvi kumnywesha mtoto anayehara, dawa isiyohitaji duka wala daktari. Alihimiza chanjo, alikata kitovu kwa wembe safi ili kuzuia pepopunda, aliwapima watoto uzito, na alimfuata mgonjwa wa kifua kikuu hadi amalize vidonge vyake.

Wanaume hawakuachwa nyuma. Wakulima wa matabaka mbalimbali hawangekubali kuketi mkutanoni pamoja, lakini walikubali kucheza voliboli. Mchezo ukazaa mazungumzo, mazungumzo yakazaa vyama vya wakulima, na vyama hivyo vikajishughulisha na upandaji wa miti, uhifadhi wa udongo na uzuiaji wa maji ya mvua yasipotee. Wanawake nao wakaunda vyama vyao vya maendeleo, wakaweka akiba na kukopeshana. Mwanamke aliye na mbuzi wake na shilingi yake mkononi hasubiri ruhusa ndipo ampeleke mtoto hospitalini.

Je, yote hayo yalileta nini? Takwimu za mradi wenyewe zinaonyesha kuwa vile vifo 176 vya mwaka wa 1971 vilishuka hadi 52 kufikia mwaka wa 1976, na kufikia mwaka wa 1996 vilikuwa 26. Mwaka huohuo wa 1996 wastani wa India nzima ulikuwa ungali juu ya 70. Huduma kwa waja wazito ikawa jambo la kawaida kwa karibu kila mama, na utapiamlo wa watoto ukapungua mno. Mwaka wa 1979 wanandoa hao walipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, inayoheshimiwa sana barani Asia. Lakini hata bila tuzo, wale watoto ambao hawakuzikwa wangalikuwa ushahidi tosha.

Waama, si Jamkhed peke yake. Mashariki mwa jimbo hilohilo la Maharashtra iko wilaya ya Gadchiroli, yenye misitu na wenyeji wa jamii ya Gond. Mwaka wa 1986 madaktari wengine wawili, Abhay na Rani Bang, ambao pia ni mume na mke na waliosomea Johns Hopkins, walianzisha huko shirika linaloitwa SEARCH. Wao nao walianza kwa kusikiliza. Waliwauliza wenyeji kwa nini hawaendi hospitalini, wakajibiwa kwamba majumba yale makubwa yanatisha na watu wake hawazungumzi lugha ya mgonjwa. Basi hospitali yao ikajengwa kwa mfano wa vibanda vya kijiji, jamaa wa mgonjwa wakapata pa kukaa naye, na ikapewa jina la Danteshwari, mungu wa kike anayeheshimiwa na wenyeji. Jengo lilifuata desturi ya mgonjwa; mgonjwa hakulazimishwa kufuata desturi ya jengo.

Kilichofuata Gadchiroli kiliwashangaza hata mabingwa. Nimonia ilikuwa ikiua watoto wengi, na dalili yake kubwa ni kupumua kwa haraka. Lakini mhudumu asiyeweza kuhesabu zaidi ya kumi na mbili atajuaje kwamba mtoto amepumua mara 50 kwa dakika? Akina Bang hawakusema, "Basi huyu hafai." Walitengeneza chombo chepesi chenye shanga na kichupa cha mchanga kinachopima dakika moja. Mhudumu husogeza shanga kadiri mtoto anavyopumua, na rangi ya shanga humwambia kama kuna hatari. Ugumu haukuwekwa kwa mwanafunzi, ulihamishiwa kwa chombo. Mwalimu yeyote anayelalamika kwamba darasa lake ni zito hana budi kuutafakari mfano huu kabla hajalilaumu tena.

Kisha wakaenda mbali zaidi. Waliwafundisha wanawake wa vijijini kuwahudumia watoto wachanga nyumbani: kumpa mtoto joto, kumsaidia asiyepumua punde tu azaliwapo, kutambua dalili za maambukizi, na hata kumdunga sindano ya dawa ya kuua bakteria. Katika vijiji 39 vilivyopata huduma hiyo, vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilipungua kwa asilimia 62 vikilinganishwa na vijiji 47 ambavyo havikuipata. Utafiti huo ulichapishwa mwaka wa 1999 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Bila shaka walikuwapo madaktari waliokunja nyuso: sindano mikononi mwa mwanamke wa shamba! Lakini daktari huyo huyo hakuwa tayari kuhamia Gadchiroli. Mwaka wa 2011 serikali ya India iliufanya utaratibu wa kuwatunza watoto wachanga nyumbani kuwa mpango wa taifa zima.

Hebu sasa tuutazame upande wa mtoaji, maana kazi kama hizi huhitaji fedha. Mwaka wa 1991 wanafunzi wa Kihindi waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, akiwamo Ravi Kuchimanchi aliyekuwa akisomea fizikia, walianzisha chama cha hisani walichokiita Association for India's Development. Si chama cha matajiri. Ni cha watu waliojitolea, waliotawanyika katika miji na vyuo, wanaochanga kidogo kidogo na kuvisaidia vikundi vya mashinani India katika afya, elimu, kilimo na haki za wanyonge. Kuchimanchi mwenyewe hakuridhika kutuma hundi. Alirejea India na kushirikiana na wanavijiji wa bonde la mto Narmada, akiwemo katika juhudi za kupata umeme kutokana na maporomoko madogo ya maji katika kijiji cha Bilgaon. Wanafunzi wetu wanaodhani kwamba hisani ni kazi ya wazee waliostaafu na kampuni kubwa wazingatie kwamba chama hicho kilianzishwa na vijana wenye madaftari mikononi.

Ninachokipenda katika utaratibu huo ni kwamba mtoaji hakujifanya mpishi. Kikundi cha kijijini ndicho kinachojua tatizo, ndicho kinachobuni njia, nacho ndicho kitakachobaki pale. Mtoaji wa mbali huuliza, huchunguza, huchanga, kisha hukaa kando. Mara ngapi tumeona kinyume chake, mradi unabuniwa katika ofisi iliyo maelfu ya maili kutoka kijijini, unaletwa ukiwa tayari na jina lake na ripoti yake, na wenyeji wanachoombwa ni kupiga makofi siku ya uzinduzi?

Hata hivyo, mizani ya haki ina pande mbili. Wapo watakaosema kuwa miradi hii ilifaulu kwa sababu iliongozwa na watu wa aina ya pekee, na kwamba nchi haiwezi kuendeshwa kwa kungoja watakatifu wazaliwe. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mabelle Arole alifariki mwaka wa 1999 na mumewe mwaka wa 2011, na mradi haukuzikwa nao. Uliendelea chini ya watoto wao, Shobha na Ravi, na zaidi ya yote chini ya wanawake wale wa vijijini. Maarifa yaliyogawanywa kwa mamia ya watu hayafi kwa kifo cha mtu mmoja. Yanayokufa ni yale yaliyofungiwa katika kichwa cha mkubwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaki kuipita kwa haraka. Mwaka wa 2005 serikali ya India iliichukua fikra hii na kuanzisha jeshi la wahudumu wa kike wa vijijini wanaoitwa ASHA, jina ambalo kwa Kihindi lina maana ya tumaini. Idadi yao imefikia takriban milioni moja. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani liliwatunuku kwa kazi yao. Lakini wanawake hao huhesabiwa kuwa watu wa kujitolea, hawana mshahara kamili wa mwajiriwa, na malipo yao kwa sehemu kubwa hutegemea kazi moja moja wanayoifanya. Mara kadhaa, katika majimbo mbalimbali, wamegoma na kuandamana kudai haki yao. Tumaini nalo huhitaji kula. Serikali inapokiona kitendo cha upendo kikifaulu na kukigeuza kuwa njia ya kupata kazi ngumu kwa bei rahisi, imekiiga kitendo ikaacha moyo wake. Jamkhed wahudumu walisaidiwa kupata mikopo midogo ya biashara ili wasimame kwa miguu yao. Sehemu hiyo ya somo ndiyo wengi huisahau wanapoiga.

Aidha, asije mtu akanielewa visivyo, akadhani kwamba ninahubiri kuzifunga hospitali. La hasha! Jamkhed pana hospitali, na Gadchiroli vilevile. Mama anayetokwa na damu nyingi hatibiwi kwa mazungumzo. Tofauti ni kwamba hospitali iliwekwa nyuma ya kijiji kama ngome ya msaada, haikuwekwa mbele yake kama lango ambalo maskini hawezi kulipita. Mhudumu wa kijiji anayejua ni lini mambo yamemshinda, na anayejua pa kumpeleka mgonjwa, ana thamani kubwa kuliko jengo tupu lenye bango.

Je, habari hizi zatufaa nini sisi wa Kenya? Kwanza, hatuna sababu ya kudhani kwamba fikra hii ni ya kigeni kwetu. Katika miaka ya 1970, wakati Jamkhed ikichanua, Profesa Miriam Were alikuwa akishirikiana na wanavijiji wa Kakamega katika mradi wa afya ya jamii wenye misingi iyo hiyo. Wengi wanamfahamu kama mwandishi wa riwaya. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa mwalimu wa shule ya upili kabla ya kusomea udaktari, na kwamba maradhi ya wanafunzi wake ndiyo yaliyomsukuma kubadili njia. Mwaka wa 2008 alipewa tuzo ya Hideyo Noguchi ya Japani kwa kazi hiyo. Na mwezi Septemba mwaka wa 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata na kutangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote, yalikuwa yakikiri kile ambacho vijiji kama vile vya Jamkhed vilikuwa vimekwisha kukithibitisha.

Pili, sisi wenyewe tumo safarini. Mwaka wa 2023 Kenya ilipitisha Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi, na mnamo Septemba mwaka huo wahudumu wa afya wa kijamii zaidi ya 100,000 walikabidhiwa vifaa vya kazi. Marupurupu yaliyotangazwa yalikuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hiyo ni hatua ya kusifiwa. Lakini India imetuonyesha mahali penye shimo. Tusipowafundisha watu hawa daima, tukawapa mkoba na fulana kisha tukawasahau, watageuka wabebaji wa fomu. Tukiwacheleweshea kile kidogo walichoahidiwa, tutakuwa tumejenga afya ya taifa juu ya migongo ya wanawake maskini. Na tusipowasikiliza wanaporudi kutoka nyumba hadi nyumba, tutakuwa tumetupa hazina ya habari ambayo hakuna mshauri wa kulipwa awezaye kuikusanya.

Tatu, na hili ni la shule. Tumeilea dhana kwamba akili ya mtu huonekana katika alama zake, na kwamba aliyekosa alama hana la kufundishwa tena. Mhudumu wa Jamkhed ambaye hakuwahi kuketi kwenye dawati anaibomoa dhana hiyo. Yeye hakupungukiwa na akili. Alikuwa amepungukiwa na mtu wa kuamini kwamba anayo. Mwalimu aliye na wanafunzi wanaorudi kila jioni katika nyumba ambamo maji hayachemshwi na mtoto mchanga anaharisha, ana mikononi mwake njia fupi kuliko barabara yoyote ya kuyafikisha maarifa katika nyumba hizo. Somo la sayansi likiishia kwenye daftari, limefika nusu ya safari. Likifika jikoni, limekamilika. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua jinsi ya kuchanganya maji, sukari na chumvi, na akamwonyesha mama yake kwa adabu bila kumdharau, amefanya kazi ambayo gari jeupe lenye nembo haliwezi kuifanya.

Kwa hiyo, tusiyachukie mashirika ya hisani, wala tusiyaabudu. Tuyapime. Yanapokuja kwetu tuyaulize maswali ambayo mwenyeji ana haki ya kumwuliza mgeni. Mtamfundisha nani? Mtamsikiliza nani? Kisima mtakichimba mtaa wa nani? Na siku mtakapoondoka, ni nani kati yetu atakayekuwa akijua mnachokijua ninyi leo? Shirika lenye majibu mema tulifungulie mlango na kulichangia hata kwa kidogo tulicho nacho. Lisilokuwa na majibu hayo tulipokee unga wake ikiwa tuna njaa, tulishukuru, kisha sisi wenyewe tuanze kufundishana.